Bega la Don Futi

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni, punguza moto. Kama umelala, endelea kulala, lakini sikio moja liache wazi. Leo ni Jumapili, saa nne asubuhi. Hakuna pikapu itakayokuja kukuchukua. Na huyo shemeji aliyekuambia kuna kazi ya nusu siku anataka tu umhamishie kochi. Kaa. Tuna mtu wa kumkumbuka.

Tunamkumbuka Eleuterio Tzunún. Mzaliwa wa Momostenango, Guatemala. Mkazi wa hapa Houston kwa miaka kumi na tisa. Mume wa Doña Otilia, baba wa Maura. Alifariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka sitini na moja. Alifia kitandani, na viatu vyake vya kazi vyote viwili vilikuwa chini ya kitanda hicho. Narudia: kitandani, na viatu vyote viwili. Mliowahi kusimama kwenye kona ya duka la rangi mkingoja kibarua mnajua kwa nini narudia.

Jina la Eleuterio halikutumika sana pale konani. Tulimwita Don Futi, yaani Bwana Futi. Alikuwa na mita moja na nusu na vumbi kidogo juu yake. Siku alipobatizwa jina hilo, alimtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, akitafuta nani kalianzisha. Hakumpata. Alitafuta kwa miaka kumi na tisa.

Maana Don Futi alishuku. Alishuku kila kitu. Mama muuza tamali, yale maandazi ya mahindi ya kufungwa kwa majani, akimpa tamali kubwa kuliko ya jana, alimuuliza, "Doña, hii imevimba kwa sababu gani?" Bosi akimwambia dumu ni la maji, alilinusa kwanza, kisha akamwomba bosi naye anuse. Ngazi hakuipanda kabla ya kuitikisa, kuizunguka na kuitazama kwa chini kama fundi viatu. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuwa bado anaitazama ngazi.

Lakini tabia zake kubwa zilikuwa mbili. Zishikeni, kwa sababu hadithi yote iko hapo.

Ya kwanza, koleo. Mpini wa koleo lake aliuchonga alama kwa kisu, usawa wa bega lake. Kwenye kila kazi ya kuchimba, alilisimamisha koleo ndani ya shimo. Alama ikionekana juu, anaingia. Alama ikizama, haingii. "Shimo likinipita bega," alisema, "miguu yangu inabaki juu kwenye nyasi." Bosi akifoka, anachukua chakula chake na kuuliza kituo cha basi kiko wapi.

Ya pili, daftari. Lilikuwa dogo, la kuingia mfuko wa shati, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kabla ya kupanda gari la bosi yeyote, alizunguka nyuma na kuandika namba ya gari. Mkifika kwenye kazi, alitembea mpaka kwenye nguzo ya barabara, akasoma, akaandika tena. Hakusema anaandika nini. Hakusema ni kwa nini.

Na hapo ndipo kona nzima ilipoanza kumshuku yeye.

Wasikilizaji wapendwa, tujiweke mahali pa wale wanaume. Umesimama kando ya barabara tangu saa kumi na mbili asubuhi. Karatasi za kuishi nchi hii huna, au unazo za kukopa. Halafu pembeni yako kuna mtu mfupi, mkimya, mwenye daftari. Ungefikiri nini? Mwezi wa Machi mwaka mmoja, watu wa uhamiaji waliwakamata watatu wa kona yetu, wakiwa ndani ya gari jeupe la bosi. Na gari lile jeupe Don Futi aliliandika asubuhi hiyohiyo. Watu walimwona akiliandika.

"Unaandika nini, compadre?" alimuuliza Hermilo Rangel.

"Namba ya gari."

"Ya nini?"

"Ya kujua."

"Kujua nini?"

"Ikifika siku tutajua."

Jibu gani hilo! Hata mimi ningemshuku.

Huyu Hermilo ni mtu wa Zacatecas, Mexico. Kifua kipana kama kabati, sauti ya kuita ng'ombe. Ni mchimba visima, mtoto wa mchimba visima, mjukuu wa mchimba visima. Ndiye aliyemshika Maura siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na Don Futi waliitana compadre. Kila Jumapili alikula kwa Doña Otilia. Narudia: kila Jumapili, kwa miaka minane.

Baada ya ule mwezi wa Machi, Hermilo hakuja. Jumapili ya kwanza alisema anaumwa jino. Ya pili, jino la upande mwingine. Ya tatu, Doña Otilia hakuweka sahani yake.

Na binamu yake Hermilo, yule Chon, mrefu wa mikono mirefu, yeye hata jino hakulisingizia. Alisema waziwazi, mbele ya watu: "Kachero. Huyo ni kachero, na daftari lake ndilo linalotumaliza."

Ukuta mfupi wa duka la rangi hukaliwa na wanaume kumi na wawili, wakibanana kama dagaa. Don Futi akawa anakaa na nafasi tupu kulia kwake na nafasi tupu kushoto. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Afadhali hivi. Sasa koleo linakaa upande huu na chakula upande huu." Doña Otilia anasema, "Alisema hivyo akicheka. Lakini kile chakula alikuwa anakirudisha nyumbani hakijaguswa."

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Doña Otilia alimwambia, "Waeleze basi. Waambie ni ya nini." Naye alijibu, "Nikieleza leo, watauliza mbona sikueleza jana. Watasema nimefundishwa." Alishuku hata maelezo yake mwenyewe.

Sasa sogeeni karibu. Tumefika siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Septemba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, halafu jua likawaka kama linadai kitu. Pikapu nyekundu ikaingia konani. Safi! Inang'aa kama ya kubebea maharusi. Bosi akashuka anatabasamu, na mkononi ana mfuko wa mikate bapa ya mayai na soseji, na kahawa za moto kwenye vikombe vyenye vifuniko. Akaanza kugawa. Hajasema hata kazi ni ipi, anagawa.

"Nataka watatu," akasema. "Kazi ya bomba. Rahisi."

Hermilo na Chon walikuwa mlangoni kabla neno "rahisi" halijafika chini. Bosi akatazama ukutani. "Na wewe, mdogo."

Don Futi alizunguka nyuma ya pikapu. Akaandika namba. Kisha akasimama akiitazama ile pikapu nyuma, pale pa kubebea mizigo. Kulikuwa na mabomba. Kulikuwa na gundi ya mabomba na ndoo. Mbao hazikuwepo. Hata moja. Mtu anakwenda kwenye mtaro wa bomba la majitaka, hana mbao za kuzuia kuta, hana jeki za kukazia, halafu pikapu haina hata tope. Huyu anachimbia wapi?

Angeweza kubaki. Alimwambia mkewe baadaye, "Nilikuwa nimeshageuka kurudi ukutani. Halafu nikamwona Hermilo anacheka na ule mkate mdomoni." Akapanda.

Ndani ya gari, Hermilo alisema na Chon kwa sauti ya kusikika: "Mwone. Bosi katuletea chakula, yeye anakinusa kama mbwa wa uwanja wa ndege."

"Sinusi chakula," alisema Don Futi. "Nanusa aliyekinunua. Bosi mkali najua anataka nini. Huyu anayenilisha kabla sijashika koleo, huyu simjui."

"Wewe hata mama yako ulimshuku."

"Mama yangu alikuwa anaweka chumvi nyingi. Nilikuwa na sababu."

Chon alicheka, kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi kucheka naye, akatazama dirishani.

Walikwenda karibu saa nzima. Barabara kuu, barabara ndogo, mtaa mmoja, mtaa mwingine, nyumba zinafanana kama mayai. Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaojua kazi hii semeni kweli: mara ngapi mmepelekwa msikokujua, mkafanya kazi siku nzima, mkarudishwa, na mkeo akikuuliza ulikuwa wapi unasema "huko"? Huko! Huko wapi? Walifika huko. Don Futi akashuka, akaenda mpaka kwenye nguzo ya kona, akasoma, akaandika. Akarudi, akasoma namba ya nyumba kwenye sanduku la barua. Akaandika.

"Unamwandikia nani?" Chon alimfuata mpaka karibu. "Sema leo. Unampelekea nani?"

"Sogea, unanizibia mwanga."

Mtaro ulikuwa nyuma ya nyumba. Ulikuwa umeshachimbwa kwa mashine, kutoka ukutani mpaka kwenye uzio. Mrefu, mwembamba, kuta zimesimama wima kama za kabati. Udongo wote uliotoka ulirundikwa palepale ukingoni, kilima kizima, kimekaa juu ya mdomo wa shimo. Chini kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu.

Don Futi alilala kifudifudi, mbali kidogo na ukingo, akashusha koleo lake taratibu. Alama ya bega ikazama. Mpini wote ukazama. Mkono wake ukazama mpaka kwapani, na koleo bado halijagusa chini.

Akainuka. "Mbao ziko wapi?"

"Dakika kumi tu," alisema bosi, tabasamu lilelile. "Ingia, unganisha, toka."

"Bosi, mbao."

"Nikurudishe konani? Kule wamejaa."

Hapo Hermilo akavua shati. "Bosi, mwache huyo akae na daftari lake. Mimi nimeshuka visima vya mita ishirini kwa kamba na mshumaa. Baba yangu alishuka, babu yangu alishuka." Akautazama mtaro akacheka. "Hiki si kisima. Hili ni bakuli la kunawia uso."

Na alisema kweli, wasikilizaji. Alishuka visima vya mita ishirini. Lakini alivishuka kwao. Kwao Zacatecas udongo ni mgumu kama tofali la kuchoma, ukiuchimba leo mjukuu wako ataukuta vilevile. Na kisima ni duara, udongo unajibana wenyewe pande zote. Huu wa Houston ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka, ukinyeshewa unavimba, leo ukuta, kesho uji. Na mtaro una kuta mbili ndefu ambazo hazijashikwa na kitu. Hermilo alijua shimo. Hakulijua shimo hili. Aliingia na ujuzi wote wa babu yake, na ndio uliotaka kumuua.

Akaruka ndani. Kichwa chake kikapotea chini ya nyasi.

Chon akabaki juu kumpitishia mabomba. Na Don Futi? Aliapa haingii, na hakuingia. Alichukua koleo akaanza kuhamisha kile kilima cha udongo, kutoka ukingoni kwenda nyuma, hatua mbili, tatu. Alianzia upande aliokuwa Hermilo.

"Nani kakuambia uhamishe udongo?" bosi alifoka. Tabasamu lilikuwa limeisha betri.

"Mgongo wangu unauma nikikaa bure."

Akaenda kwenye uzio wa jirani, akaona ngazi ya bati imelazwa, akaichukua bila kuomba. Mtu ambaye hajawahi kuokota hata sindano ya mwenzake! Akaitikisa, akaizunguka, akaitazama kwa chini, kisha akaishusha mtaroni karibu na Hermilo.

"Unaniletea ngazi kama bibi harusi!" Hermilo alipiga kelele kutoka chini.

"Bibi harusi hanuki hivyo, compadre."

Na huko chini Hermilo alicheka. Narudia, kwa sababu Hermilo mwenyewe amenisihi nirudie: alicheka. Miaka mitatu hawakuwa wametaniana.

Alipokuwa anageuka kurudi kwenye koleo ndipo Don Futi alipouona ufa. Ulikuwa kwenye nyasi, umekwenda sambamba na mtaro, kiganja kimoja kutoka ukingoni. Mwembamba kama ukucha. Labda wa jana. Labda wa kiangazi chote. Ungejuaje? Mwingine angesema ni ufa tu, Houston yote ina nyufa. Don Futi alivunja bua la nyasi akalichomeka kwenye ule ufa. Bua likasimama, limebanwa. Akaenda, akahamisha makoleo kumi ya udongo, akiyahesabu. Akarudi.

Bua halikuwepo. Ufa ulikuwa umelimeza.

"Hermilo! Toka! Sasa!"

Hakumwita compadre. Alimwita jina lake. Hermilo anasema, "Angeniita compadre, ningemjibu utani. Aliponiita jina, miguu ilienda yenyewe." Alipiga hatua mbili. Mguu mmoja ukafika kwenye ngazi.

Ukuta ukaanguka. Hermilo anasema haukulia kishindo. Ulilia kama mtu mnene anapokaa kwenye kochi.

Vumbi halikuwepo, udongo ulikuwa umelowa. Kulikuwa na ngazi imepinda, na mkono mmoja umeishika, na kichwa cha Hermilo, na kifua mpaka hapa, kwenye chuchu. Kingine chote kilikuwa udongo. Kama kile kilima kingebaki pale ukingoni, na kichwa kingekuwa udongo.

Mambo matatu yalitokea kwa pamoja, nami nitayasema taratibu.

Bosi alikimbilia pikapu. "Naenda kuleta mbao!" akasema. Wasikilizaji wapendwa, huu ni mwaka wa saba. Zile mbao bado zinaletwa.

Chon alitaka kuruka ndani kumvuta binamu yake. Don Futi alimrukia miguuni. Wakaanguka wote, na yule mtu wa mita moja na nusu akamkalia yule mrefu kifuani. "Ukiingia, ukuta wa pili unakuja," akamwambia. "Mtakuwa wawili." Chon alimpiga usoni. Alimwita kachero, muuaji, nyoka. "Umetaka afe! Niachie, umetaka afe!" Damu ya pua ya Don Futi ilimdondokea Chon shingoni, naye hakuinuka.

Na akiwa amemkalia hivyo, alitoa simu akapiga namba ya dharura. Yeye, mtu ambaye alizima simu akiona gari la polisi upande wa pili wa barabara. Sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kihispania, "Mko wapi?"

Akakuta kamasi na damu vimemjaa, hawezi kutamka. Akamwekea Chon simu mdomoni. "Sema."

"Binamu yangu kafukiwa!"

"Mko wapi, bwana?"

"Hapa! Houston!"

"Houston wapi? Mtaa gani?"

Chon aligeuza kichwa. Nyumba, uzio, nyumba, uzio. Zote mayai. Anasema, na anasema mbele ya mtu yeyote atakayemuuliza: "Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui niko wapi. Miaka sita nilikuwa sijui niko wapi."

Don Futi akaingiza mkono mfuko wa shati. Akafungua daftari mbele ya macho ya Chon, na Chon akasoma. Namba ya nyumba. Jina la mtaa. Jina la mtaa unaokatiza. Na chini yake, namba ya pikapu nyekundu.

Gari la zimamoto lilifika baada ya dakika saba. Saba.

Walikuja na mbao, na jeki, na bomba la kunyonya udongo. Kumtoa kulichukua saa tatu na nusu. Muda wote huo Don Futi alikaa kwenye nyasi, pale walipomruhusu kukaa, akizungumza na kichwa cha Hermilo.

"Compadre, hilo bakuli la kunawia lina hali gani?"

"Usinichekeshe. Mbavu."

"Usilale. Babu yako alikuwa analala kisimani?"

"Babu yangu… hakuwa na compadre… wa kumpigia kelele."

Hermilo alitoka na mbavu nne zimevunjika na nyonga imesagika. Alitoka hai. Leo anatembea kwa gongo, na ndiye aliyenifungulia mlango wa studio asubuhi hii, huku akilalamika kwamba ngazi zetu zinacheza.

Afisa mmoja alimwendea Don Futi na karatasi. "Jina lako?" Pale konani Don Futi alikuwa na majina matatu ya kuwapa mabosi, na hakuna lililokuwa lake. Siku ile alisema polepole, herufi moja moja: Eleuterio Tzunún. Kisha alikwenda nyumbani akafunga begi, akaliweka mlangoni, akangoja waje kumchukua. Hawakuja. Begi lilikaa mlangoni mwezi mzima. Doña Otilia anasema alichoka kulifungua kila asubuhi kumtolea soksi.

Ni hospitalini ndipo Hermilo alipouliza. "Compadre. Lile daftari."

Don Futi alitazama mashine, alitazama dripu, akauliza ni ya nini. Aliyejibu ni Doña Otilia.

"Alikuwa na kaka yake hapa," alisema. "Macario. Alianguka kutoka kwenye paa, mwaka wa pili wetu. Waliokuwa naye walipiga simu palepale, lakini hakuna aliyejua ile nyumba iko wapi. Gari la wagonjwa lilizunguka dakika arobaini. Macario alikuwa anakisikia kile king'ora. Anakisikia kinapita mtaa wa pili, kinarudi, kinapita tena."

Chon alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Don Futi," akasema. "Ile pua."

"Imepona."

"Nipige na mimi basi, tuwe sawa."

"Sikufikii."

Jumatatu yake, Don Futi alifika konani kama kawaida, akakaa ukutani, koleo upande huu, chakula upande huu. Chon akaja, akaliondoa lile koleo, akakaa mahali pake. Kisha akatoa kisu na koleo lake mwenyewe. "Simama," akamwambia. Don Futi akasimama. Chon akaegemeza mpini begani kwake, akachonga alama. Akaja wa pili, wa tatu, wa nane. Mtu mfupi kasimama kando ya barabara ya Houston, wanaume wamepanga foleni kumpima bega. Na kila mmoja alipomaliza, Don Futi alichukua mpini akaupima upya mwenyewe. "Wewe umeniongezea kidole kimoja," alimwambia mmoja. "Unataka kufa kwa kidole kimoja?"

Tangu siku ile, kwenye kona yetu, mtu hapandi gari kabla namba yake haijatumwa kwa mke, dada au jirani. Tukifika kwenye kazi, anwani inatumwa. Mabosi wengine wanaona, wanaondoka. Waende. Na shimo likipita alama, hatuingii bila mbao. Mabosi wengine wanafoka. Wafoke. Hakuna wetu aliyefukiwa tena.

Figo zilianza kumsumbua miaka miwili iliyopita. Daktari alisema ni mambo ya zamani: jua, miwa aliyokata akiwa kijana, maji aliyonyimwa mashambani. Walipomuunganisha na mashine ya kusafisha damu, alimuuliza muuguzi, "Hii damu inakwenda wapi?"

"Kwenye mashine, halafu inarudi."

"Yote?"

Muuguzi yule alikuja kwenye mazishi. Alilia kuliko wengi.

Mazishi yalikuwa jana, wasikilizaji wapendwa. Tulifika makaburini na jeneza, na kabla padri hajafungua kitabu, Hermilo alinyanyua gongo lake. "Simamisheni." Alikuwa anatazama kaburi. Udongo ulikuwa umerundikwa palepale ukingoni, kilima kizima, na vijana wawili wa makaburini wamesimama karibu yake. "Nani kaweka hivi?" akauliza. "Mnataka kuzika wangapi leo?" Padri alingoja. Wanaume kumi na wanne wenye suti za kuazima walichukua makoleo wakahamisha kile kilima, hatua mbili, tatu, kwenda nyuma. Maura akawasogeza wale vijana kwa mkono.

Kisha Chon akaleta koleo la Don Futi. Akalala kifudifudi na suti yake, akalishusha kaburini. Alama ya bega ikazama. Mpini wote ukazama. Chon akabaki amelala pale, hainuki.

"Limempita," akasema. "Doña, limempita bega. Hataki kuingia."

 

Doña Otilia akafungua mkoba wake akatoa lile daftari. Akafungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akausoma kwa sauti. Ni mwandiko wa mkono unaotetemeka, wa wiki mbili kabla ya kufa. Jina la makaburi. Jina la barabara. Jina la barabara inayokatiza. Safu ya kumi na moja, kaburi namba sita.

"Ameshaandika," akasema. "Anajua yuko wapi. Mwacheni aingie."

Tukamshusha.

Doña Otilia, Maura, compadre Hermilo, tunawapa pole kutoka ndani ya mioyo yetu. Mmepoteza mtu wenu. Nasi wa konani tumepoteza bega letu, lakini alama tunazo, kwenye mipini yetu.

Na wewe unayenisikiliza na chungu chako jikoni. Kesho ni Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi gari litasimama, bosi atatabasamu, nawe utataka kukimbilia mlango. Kimbia, kazi ni kazi. Lakini kwanza zunguka nyuma. Tazama kama kuna mbao. Andika namba. Na ukifika huko, nenda mpaka kwenye nguzo ya barabara, soma, umwambie mtu mmoja anayekupenda: niko hapa.

Atakuuliza, "Ya nini?"

Mwambie ni ya kujua.